Namba Nyuma ya Karatasi za Yaya

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tano tulimpoteza Yaya. Kwetu Likasi yaya ni ndugu mkubwa, awe mwanamume au mwanamke. Wangu alikuwa mwanamke, fundi wa kushona, na ndiye aliyenifundisha kushika mkasi nilipoacha shule mwaka wa pili wa sekondari. Aliacha cherehani mbili na tovuti ya masomo ya kushona aliyoijaza mwenyewe, picha moja moja, mikono yake ikionekana, uso wake kamwe.

Kila somo lilikuwa na anwani iliyoishia kwa namba, kama mashine ilivyoipanga: somo?id=38, somo?id=112. Mwanamke akija kujifunza, Yaya alimkatia patroni, yaani vile vipande vya karatasi ya kahawia tunavyovilaza juu ya kitambaa kabla ya kukata. Nyuma ya karatasi aliandika anwani kwa kalamu ya bluu.

"Ukisahau, fungua hapa," alisema. "Usinipigie simu, niko nakula."

Karatasi hizo zilifika hadi Kapolowe na Mwadingusha.

Baada ya kilio nilitaka kumfanyia kitu. Niliandika kwenye simu "kushona kola ya shati", nikaona mashine ya kutafutia inaniletea mafundi wa nchi nyingine. Yaya hakuwamo. Nikaenda kwa bwana mmoja mwenye duka la fotokopi, ambaye ndiye aliyemsaidia kuanzisha tovuti. Alitazama zile anwani, akacheka kwa upole.

"Papa, hii haiko anwani, ni numero ya shasi ya motokari. Nani ataikumbuka? Tia maneno. Muntu akiisoma ajue iko naenda wapi, na ile mashine nayo ijue."

Akanionyesha: herufi ndogo, maneno machache, kistari kati ya neno na neno. Nikaanza. Ya kwanza niliandika: masomo-ya-marehemu-yaya-wetu-mpendwa-jinsi-ya-kushona-kola-ya-shati.

Aliisoma polepole hadi mwisho. "Pole, papa. Lakini muntu mwenye zipu imevunjika, atatafuta marehemu?"

Nilicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha nikafuta, na sitaficha kwamba kulifuta neno lile kuliniuma. Zikabaki kushona-kola-ya-shati, kutia-zipu, gauni-la-komunio. Kwa siku tatu nilibadilisha zote, nikarudi nyumbani nimeridhika. Baada ya wiki chache, nilipotafuta kola, Yaya alitokea. Nilimwonyesha kila mteja.

Kisha akaja mama mmoja wa Kapolowe. Alikuwa na gauni jeupe lililokatwa nusu, na karatasi ya kahawia.

"Ni weye ndugu ya yaya?"

"Ni mimi, mama."

"Minye naandika vile aliandika hapa, inaniambia hakuna kitu. Mutoto wangu iko na komunio dimanshi, siku ya Mungu. Mulizika yaya, mukazika na masomo yake?"

Nilijaribu kwa simu yangu. Kweli, hakuna kitu. Nilikuwa nimezipa kurasa anwani mpya, na zile za zamani hazikuongoza tena popote. Watu wote wenye mwandiko wa Yaya mkononi, nilikuwa nimewafungia mlango.

Hapo nilikumbuka jambo, nikaona aibu. Huku kwetu mtu akihama anaandika kwa makaa kwenye mlango aliouacha: tumehamia mahali fulani. Yaya alipohamisha cherehani kutoka mtaa wa Panda kwenda Kikula, aliandika kwa chaki ya kushonea. Mvua ikafuta. Akarudi na makaa, akaandika tena, halafu akamwachia maagizo mama aliyeuza makaa ng'ambo ya barabara. Mimi ndiye niliyembebea kiti siku ile. Niliona yote, na bado nilihama bila kuandika.

Mimi na yule mama tulikwenda pamoja kwa bwana wa fotokopi. Akasema kuna njia: anwani ya zamani inaambiwa impeleke mtu kwenye mpya, yeye mwenyewe bila kusumbuka.

"Nitume zote ku ukurasa wa kwanza? Ni dakika moja."

Mama wa Kapolowe alikataa kabla yangu. "Ni kama minye nauliza mulango yako, unaniambia: iko Likasi!"

Basi kila namba ilipaswa kwenda kwenye somo lake. Lakini wakati wa kubadilisha sikuwa nimeandika popote namba ipi ilikuwa ya somo lipi. Zilizojua ni karatasi tu: patroni ilionyesha somo, nyuma yake namba. Ya yule mama ilikuwa 64, gauni la komunio. Tuliielekeza palepale, ikafunguka, akaondoka bila kuniaga vizuri. Nilistahili.

Nikapeleka neno kwa wateja, kanisani, kwa wauza vitambaa: mwenye karatasi ya Yaya ailete, nitainakili na kumrudishia. Wakaja. Karatasi zilikuwa na mafuta, nyingine zimekunjwa ndani ya Biblia, moja ilikuwa imefunika chungu. Nilisoma kila mwandiko kabla ya kunakili namba. Mimi pia nilifaidi.

Jumamosi iliyopita alikuja mama wa Mwadingusha. Karatasi yake ilikuwa ya kutia zipu, namba niliyoitafuta kuliko zote. Chini ya namba Yaya alikuwa ameandika: "Ukikwama, uliza mudogo wangu. Anajua."

Nilitazama sana. Siku alizoandika hivyo, zipu zangu zote zilikuwa zinapinda, na Yaya ndiye aliyekuwa akizifumua.

Niliielekeza ile namba, tukajaribu kwa simu ya mama. Ukurasa ulifunguka, mikono ya Yaya ikatokea imeshika pini. Mama alitazama, akasema kwamba kwa picha tu alikuwa amekwama palepale siku zote; je, ningeweza kumwonyesha kwa cherehani?

Nikamvutia kiti.