Mdomo Nyuma ya Glavu

Kwa kudaka, Verlin Stasiak hakuwa na mfano katika ligi nzima ya besiboli. Kwa kupiga, jamani, tuyaache hayo! Lakini mpira ukitambaa chini upande wa kituo cha pili alikolinda, alikuwa ameshaufikia kabla hujapepesa jicho, na kwa kazi hiyo tu timu ya mji wetu hapa Ohio ilimweka misimu mingi.

Jirani yake uwanjani, kati ya kituo cha pili na cha tatu, alikuwa Lucio Armenta. Mkimbiaji wa wapinzani akitaka kuiba kituo cha pili, yaani kukitimkia kabla mpira haujapigwa, mmoja wa hawa wawili hukimbilia kituoni kumzuia, mwenzake hubaki kuziba pengo. Nani aende? Verlin huficha uso kwa glavu, Lucio peke yake amwone. Mdomo ukifumbwa: naenda mimi. Ukiachama: nenda wewe. Hawakukosana hata siku moja.

Ajabu, hawakuwa na mazungumzo mengine. Miaka sita! Lucio aliwahi kumtania kwa mwandishi wa gazeti, ati Verlin akishika gongo la kupigia, warusha mpira wa wapinzani huenda likizo. Mji mzima ukacheka. Verlin akanuna, na kununa kukawa mazoea. Mwanzoni Lucio alijaribu: "Kaka, njoo nyumbani, mke wangu kapika." Verlin akatazama viatu vyake. Mwishowe hakualikwa tena. Akawa anarudi chumba chake cha kupanga, anafungua kopo la maharage, anakula amesimama. Upweke wa kujitakia, na huo ndio unaouma kuliko wote.

Goti lilipomshinda, kocha akamwambia Jumapili ndiyo mechi yake ya mwisho. Verlin hakuulilia mpira. Alitaka kitu kimoja tu, aondoke amepatana na Lucio. Jumapili alimkuta akifunga viatu, akajikohoza, akapita zake.

Mechi ikafika ukingoni, timu zimelingana. Mpinzani yuko kituo cha kwanza, miguu inamwasha. Lucio akamgeukia Verlin na kumtazama usoni, maana hapo tu ndipo walipotazamana. Verlin akainua glavu. Zamu ya kwenda ilikuwa yake, mdomo ulipaswa kufumbwa. Lakini nyuma ya ngozi ile akanong'ona:

"Nisamehe, ndugu yangu."

Masikini! Lucio hakusikia kitu. Aliona mdomo ulioachama, na mkimbiaji alipochomoka, akakimbilia kituoni. Verlin naye huyoo! Wakagongana vifua, na mpira uliopigwa ukapita pale pale alipotoka Lucio, ukaenda mpaka ukutani. Mkimbiaji akamaliza kuzunguka vituo, tukafungwa kwa alama hiyo moja.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Lucio akamjia juu.

"We mzee, una wazimu? Mdomo ulikuwa wazi! Ulikuwa unasema nini?"

Wachezaji wote wakageuka. Verlin akaona yale macho, akakumbuka kicheko cha mji.

"Sema basi," Lucio akasema, sasa kwa upole.

Hapo mtu angetamani kumzaba kofi ayateme!

"Sikusema kitu," Verlin akajibu. "Nilipiga miayo."

"Miayo. Haya." Lucio akachukua mkoba wake. Nje mkewe alikuwa akimpigia honi.

Verlin akabaki kwenye benchi, mpaka mfagiaji akamwomba ainue miguu.