Ratili Saba za Nolan Teig

Juu ya mlango wa chumba cha mieleka, katika shule ya sekondari ya Tarrow, Iowa, ulitundikwa ubao wa majina ya waliomaliza msimu mzima bila kushindwa hata mara moja. Kwa miaka kumi na minane ulikuwa na jina moja tu: Wendell Hruska.

Wendell mwenyewe hakuwahi kuutaja. Akina Hruska hawakuwa watu wa kujitangaza; walifuga nguruwe, walisali, walilea watoto wakaelewa adabu. Alipomaliza chuo alirudi kufundisha hesabu na kuwa kocha wa mieleka palepale alipocheza ujanani, na mji ukaona ni jambo jema. Hata hivyo wageni walipoingia mle chumbani, alijua macho yao yatapanda wapi kwanza, na alipenda kulijua hilo.

Kisha akaja Nolan Teig, kijana mwembamba wa uzito wa ratili 138, mikono mirefu, maneno machache. Majira yale ya baridi ya mwaka 1984 alimwangusha kila aliyekutana naye, na wengi wao aliwabana mabega chini na kumaliza pambano kabla jasho halijawatoka. Msimu ulipokaribia kwisha, mji mzima ulikuwa ukimhesabia ushindi.

Siku ya pambano na shule ya jirani, Denny wa uzito wa ratili 145 aliamka mgonjwa.

“Kocha, Denny anatapika kama bomba lililopasuka,” vijana walimwambia kwenye basi. “Kasema tumwachie supu tu, mkeka hautaki.”

Wapinzani walikuwa na bingwa wa jimbo katika uzito huo. Wendell alisimama kando ya mkeka, kelele za mashabiki zikimziba masikio, akamwita Nolan.

“Leo utapanda hadi 145. Pete wa akiba atashika nafasi yako.”

Nolan alimtazama kidogo. “Sawa, kocha.”

Isemwe wazi, kwa kuwa mengi yamesemwa: timu ilishinda usiku ule. Pete alishinda kwa shida. Nolan alimkabili mtu aliyemzidi ratili saba na nguvu za shambani, akapigana hadi filimbi ya mwisho, akashindwa kwa pointi moja. Mwamuzi aliponyanyua mkono wa yule mwingine, Nolan alienda kumpa mkono kocha wa wapinzani kama ilivyo desturi, akarudi, akaketi, akajifunika taulo kichwani.

Kesho yake Wendell aliingia mgahawani kunywa kahawa. Orrin Bakke, mwanamieleka wa zamani ambaye masikio yake yalikuwa yamevimba na kukunjamana kama koliflawa, alimpungia mkono.

“Kocha! Hongera, bwana, umelilinda jina!”

“Jina gani?”

“La ubaoni! Au kuna jingine?” Watu wakacheka. “Hebu wewe mwalimu wa hesabu nisahihishe. Ushindi wa pointi huipa timu tatu, wa kubana mabega sita. Nolan kushindwa kwa pointi, tumepoteza tatu. Pete kushinda kwa pointi, tumepata tatu. Sivyo?”

“Ndivyo.”

“Sasa mwache Nolan kwenye uzito wake. Yule mtoto wao wa 138, Nolan alishambana mabega mwezi wa kumi na mbili, angembana tena. Hizo sita zetu. Nafasi ya Denny ungewaachia bila kupigana, sita zao. Si yale yale tu?”

“Ningewezaje kujua kwamba atambana?”

“Basi mimi ndiye niliyejua,” Orrin alisema, akainua kikombe. “Natania, kocha. Kunywa.”

Wendell hakuinywa. Alichukua kofia akatoka. Kila siku alikuwa akiwakaripia wanafunzi walioshindwa kujumlisha vitu vidogo kuliko hivyo. Alijaribu kukumbuka kilichokuwa kichwani mwake kando ya mkeka, kama kweli ilikuwa timu tu, na kila alipokaribia kuona, alikuta pamefungwa.

Jioni alimwambia mkewe, Marlys, kwamba atakwenda kwa akina Teig kuomba radhi.

“Kuomba radhi kwa kosa gani?” Marlys aliuliza, akiendelea kumenya viazi. “Una hakika ulikusudia?”

“Sina hakika kwamba sikukusudia.”

“Basi nyamaza, Wendell. Ukienda pale na uso huo, watu wataamini lile baya, na wanao ndio watakaolibeba jina hilo shuleni. Msimu ukiisha litasahaulika.”

Alikuwa mke mwenye busara, na alichosema kilikuwa kweli kuhusu watu. Wendell akanyamaza. Nolan hakushindwa tena. Alitwaa ubingwa wa jimbo, akavalishwa medali, na picha yake ikatoka gazetini. Wendell alimkumbatia mbele ya watu wote, akasubiri nafsi yake itulie. Haikutulia.

Miaka ikapita. Nolan alipata kazi kwenye ghala la mahindi, akaoa, akazidi kunenepa mabega. Wendell alipohitaji msaidizi alimfuata huko, akamkuta akifagia vumbi la mahindi mlangoni.

“Nataka uje tufundishe pamoja,” Wendell alisema. “Na kuna jambo nilipaswa kukwambia zamani. Usiku ule niliokupandisha uzito—”

“Naujua.” Nolan aliegemea fagio. “Nilipiga hesabu palepale, kabla sijavua koti. Niliona kwa timu ni sawasawa. Nikafikiri labda hujaona.”

“Mbona hukusema?”

“Ungeniuliza tu kama nataka, ningekubali. Ningepanda hata kwa wa ratili mia mbili.”

Wendell alivua kofia. “Basi utakuja?”

“Hapana.” Alisema bila hasira, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Mjini kwao aliyekufundisha mieleka huitwa kocha hata siku ya kumzika. Nolan alimpa mkono, akamtazama usoni. “Asante kwa kunifikiria, Bwana Hruska.”

Akarudi kufagia.