Kufuli la Simu na Mtoto Mwenye Adabu

Mwalimu wa darasa la nne alimwita dada yangu shuleni akamwambia kwamba binti yake anasinzia darasani, na akiamshwa anajibu swali la Sayansi kwa wimbo wa katuni. Upimaji wa taifa ulikuwa mwisho wa mwaka. Asiyefaulu anarudia darasa. Dada alirudi nyumbani, akavua kilemba, akanitazama mimi.

"Wewe si ndiye msomi? Tafuta hicho kitu cha kufunga simu."

Nilikuwa nimemaliza chuo na kukaa kwake hapa Lushoto nikisubiri ajira. Sisi wahitimu tunapenda kusema "nasubiri", maana "nakaa tu" halina heshima. Basi nikaichukua kazi ile kama ajira. Nikasoma habari za kila programu ya kuwadhibiti watoto iliyopo duniani, na maoni ya wazazi walioitumia, na malumbano ya watu chini ya maoni hayo.

Sijawahi kuona biashara inayowadharau watu kwa upole kama ile. Kila tangazo lilikuwa na picha ileile: baba, mama, watoto wawili na mbwa, wote juu ya sofa jeupe. Familia hiyo haina shangazi. Haina bibi. Haina hata mgeni aliyekuja kwa siku mbili akakaa hadi msimu wa mapea. Programu moja iliahidi kunionyesha kwenye ramani mahali alipo mtoto. Mtoto alikuwa kwenye mkeka kando ya jiko, karibu aniguse kwa mguu. Nyingine ingemlipa nyota kila akiosha vyombo. Kwetu mtoto anaosha vyombo kwa sababu vyombo ni vichafu.

Hata hivyo niliogopa kukosea. Nikichagua kali, mtoto atanichukia. Nikichagua laini, atafeli, na kufeli kwake kutakuwa kwangu. Nilimwona akilini ana miaka thelathini, bado yuko darasa la nne, magoti hayaingii chini ya dawati, na watu wanaulizana nani alimchagulia programu.

"Shemeji," mume wa dada akaniuliza, "unachagua programu au unachagua mchumba?" Yeye ni dalali wa mboga pale Soni. Aliniuliza bila kuinua macho kwenye simu yake.

Mwishowe nikachagua moja yenye dubu wa kijani. Iliuliza mzazi ni nani, ikaacha nafasi ya mtu mmoja. Nikamwandika dada. Ikauliza kifaa cha mtoto. Mtoto hana kifaa, anaazima, lakini programu haikulijua neno hilo, kwa hiyo nikaisajili simu ya zamani ya dada, ile yenye ufa kiooni, ambayo binti alizoea kuishika. Nusu saa baada ya shule, na ikifika saa kumi na mbili jioni, kufuli.

Ilifanya kazi kiasi cha kutisha. Kila Jumapili dubu alileta taarifa akipiga makofi: muda wa mtoto kwenye simu ulikuwa umepungua hadi karibu sifuri. Dada aliwaonyesha wenzake kazini. Tena mtoto akaongezeka adabu. Akitoka shule anabadili nguo, anapanda kilima kumsalimia mama mkubwa, kisha anateremka kwa bibi. Majirani wakasifu. "Mtoto wa siku hizi anayekumbuka wakubwa zake! Mmemlea."

Ila mwalimu akaita tena. Bado anasinzia.

Hapo nikapagawa. Ikiwa si simu, basi ni ugonjwa. Nilisoma habari za upungufu wa damu, nikasoma za minyoo, na kichwani mwangu nilikuwa nimeshampeleka hospitali ya Bumbuli, nimeshamlaza wodini, niko kando ya kitanda namenya chungwa. Nikiwa katika hali hiyo dada akanituma nimpelekee mboga dada yetu mkubwa, ambaye kwa mtoto ndiye mama mkubwa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Vua viatu, nimepiga deki."

Alikuwa anapukuchua maharage. Kando yake kwenye kochi palikuwa na blanketi, na chini ya blanketi palikuwa na mwanga na wimbo wa katuni.

"Dada, huyu anafanya nini na simu yako?"

"Anapumzika. Huko kwenu mnamtesa."

"Tumemwekea kikomo!"

"Kikomo ni cha mama yake. Mimi ni mama yake mkubwa. Kikomo changu mimi mmekiweka wapi?" Akatupa ganda. "Mtoto anapanda kilima chote hiki na ukungu huu, anapiga goti, 'shikamoo mama mkubwa', halafu nimnyime simu? Unataka nionekane mchoyo?"

Nikateremka kwa mama yangu, bibi wa mtoto, mwenye simu kubwa tuliyomnunulia ili awaone wajukuu wa Dar. Hakukana chochote.

"Mke mwenzangu akija nampa," akasema, maana ndivyo anavyomtania mjukuu. "Nisipompa, atakwenda kunisengenya kaburini kwa mume wetu."

Kumbe ndiyo ile adabu. Mtoto alikuwa ametoka kwenye simu moja yenye ufa akaingia kwenye simu nzima mbili zenye bando, na kwa bibi alikaa hadi saa ya kulala ikapita. Kila goti alilopiga lilifungua kilichofungwa na dubu. Na ni mtu gani wa milimani atakayemjibu mtoto "marahaba" kisha amfukuze mikono mitupu?

Jumapili ukoo ukakutana. Shemeji ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote. "Teknolojia ifanye kazi! Simu zote zifungwe, kuanzia yangu." Wote wakakubali, vifua mbele, kama watu wanaojitolea damu. Nywila nibaki nayo mimi, nisiye na upande.

Programu ilikubali kufunga simu za watoto tu, kwa hiyo niliwasajili kama watoto. Mwaka wa kuzaliwa wa bibi iliukataa, nikawaandika wote wana miaka tisa.

Kesho yake, saa kumi na mbili ilipogonga, dubu akapiga miayo kwenye simu zote, akasema kwa Kiswahili kilichotafsiriwa na mashine: "Wakati wa usingizi sasa, rafiki ndogo!"

Mama mkubwa aliteremka kilima na khanga juu ya sweta. "Niongezee dakika kumi. Wametuma wimbo wa kwaya, sauti ya pili."

"Si ulikubali?"

"Nilikubali kwa ajili ya mtoto! Mimi nimefeli nini?"

Shemeji alikuja kwa heshima ambayo sijawahi kuiona kwake. "Shemeji yangu mpenzi, nifungulie. Lori liko Soni, karoti zimepanda, sijui bei."

"Kupiga simu hakujafungwa. Piga."

"Kupiga si sawa na kuona picha."

Picha alizotaka kuona zilikuwa za mpira, na kila mtu chumbani alijua. Bibi naye alikaa mlangoni akilalamika kwa Kishambaa, taratibu, bila kituo. Mtoto alikuwa kwenye mkeka na hesabu zake za sehemu. Akainua kichwa.

"Baba, muda wako umeisha. Kesho."

Hawakumaliza wiki. Wakaniita, watu wazima wanaolea na kuonya na kusimamia harusi, wakasema programu ile ni ya kipuuzi, niiondoe kote. Nikaiondoa. Dada akaitupa simu ya ufa kabatini. Nilijilaza nikingoja mtoto afeli.

Mtoto akaendelea kwenda kusalimia, na hapo nikawajua vizuri ndugu zangu. "Shikamoo mama mkubwa." "Marahaba mwanangu, simu haina chaji." Na simu huku inaingia ndani ya sweta, kifuani. Kwa bibi vilevile. Walikuwa wamejifunza kwamba simu inayoshikwa na mtoto huishia kufungwa, na hakuna aliyetaka kurudi kwa dubu. Uchoyo walioukataa kwa ajili ya mtihani wa mtoto waliuweza kwa ajili ya dakika zao. Mtoto akapewa maharage apukuchue. Akachoka mapema, akarudi nyumbani, akala, akalala. Mwalimu hakuita tena.

Matokeo yalipotoka, amefaulu. Shemeji aliwatangazia wauza mboga wote wa Soni kwamba ni ile programu, tena yeye ndiye aliyeisimamia.

Hivyo mama mmoja wa sokoni akapanda hadi Lushoto kunitafuta, mtoto mkono mmoja, simu mkono mwingine. "Wewe ndiye mtaalamu? Nichagulie na mimi."

Nikamkaribisha kiti. Nikamuuliza huyo mama mtoto wake ana shangazi wangapi, na mama wakubwa, na bibi.

Alianza kuwahesabu kwa vidole, akaingia mkono wa pili, akaacha.