Nyimbo Zote za Mzee wa Lumino

Hasira zangu ziko karibu, Busia nzima wanajua, kwa hiyo nilipoambiwa mazeze hayatapigwa nilisimama nikapayuka kama mwendawazimu. Tumefanya mazoezi mpaka vidole vimeota sugu! Watu wametoka Nabuyoga na Merikit, wengine wamevuka mpaka kutoka Kenya na viti vyao kichwani, halafu turudi nyumbani? Thubutu!

Aliyekataa alikuwa mke wa mwalimu wetu. Mwalimu mwenyewe alikuwa mzee wa Lumino, mtunzi wa nyimbo za zeze la uzi mmoja, na miaka hiyo ya sitini harusi ya kwetu bila wimbo wake haikuwa harusi. Sasa vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, hata kushika kikombe ni taabu. Ndipo alipotuita sisi wanafunzi wake wanne: mimi, Mpadhola mmoja, Mteso mmoja na Msamia wa upande wa Kenya. Akatuambia, "Nataka kusikia nyimbo zangu zote siku moja, masikio yakiwa bado yangu."

Kwa furaha tuliyokuwa nayo, hakuna aliyekumbuka kwamba kwetu mtunzi hupigiwa nyimbo zake zote kwenye matanga yake tu. Jumapili hiyo, baada ya kanisa, uani kumejaa watu, mama, huyo mke wa mzee, ndiye aliyetukumbusha.

"Mnataka kumzika mume wangu huku amekaa kitini? Nendeni mkalime!"

Mzee akamwangalia. "Mama watoto, nikishakufa nitasikia kwa masikio gani?"

Mama akatazama ule umati. "Haya, pigeni. Lakini ule alionitungia mimi muuache, zisitimie zote. Zeze likiugusa tu, mtanijua."

"Ndio ninaoutaka kuliko yote," mzee akasema kwa sauti ndogo. Mama alishaingia jikoni.

Tukaanza kulinganisha nyuzi, na hapo hapo tukagombana. Mteso kakaza mno, Mpadhola kalegeza mno, na tulitukanana kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha pekee ambayo sote wanne tungeelewa matusi. "Mimi nakwenda nyumbani!" Mteso akafoka, akabeba zeze lake. Mzee akaguna sauti moja tu, ndefu, kutoka kifuani. Tukaufuata mguno huo, nyuzi zikakubaliana, na Mteso akarudi kukaa.

Mara upepo wa ziwani ukaleta unyevu, ngozi za kenge zilizowambwa kwenye mazeze zikalegea, yakaanza kukoroma. Mbio jikoni! Tukayapasha moto pale pale miguuni pa mama, naye akatusogezea kuni. Tulipotoka, ala zililia vizuri ajabu. Tuliupaka uzi ulimbo ili upinde usiteleze, tukapiga za mavuno, za harusi, za kuwasema wavivu. Vigelegele! Vumbi! Bibi mmoja alicheza mpaka kilemba kikamtoka. Nilijisikia mkubwa kuliko mkuu wa wilaya, na sitanii. Mzee alikuwa akigonga miguu na kutukemea: "Haraka ya nini? Huo ni wa kupalilia, si wa kufukuza mwizi!"

Kisha tukafika mwisho. Tukashusha pinde.

"Bado mmoja!" watu wakapiga kelele. "Bado mmoja!"

Mzee aliinamisha kichwa kama mtoto aliyenyimwa. Nilisema liwalo na liwe, nikainua upinde wangu, na mama, aliyekuwa ametoka jikoni, akanishika mkono.

"Weka chini, baba," akaniambia. Hakuwa mkali. Akamgeukia mumewe, akasimama mbele ya kile kiti. "Nimekataza zeze. Mdomo wangu sijaukataza."

Akaimba. Jamani! Sauti yenyewe ilikuwa ya kukwaruza, ya mtu aliyezoea kuita mbuzi, na aliimba akiona haya kama bibi harusi, huku akichezea ncha ya leso yake. Sisi wanne tulishika mazeze kifuani, tusije tukayagusa kwa bahati mbaya. Nililia mbele ya watu wote na sikujali.

Mzee alifumba macho. Katika ubeti wa pili akainua ule mkono wake uliopinda.

"Hapo umekosea," akasema. "Rudia."

Mama akacheka huku anajifuta machozi, akarudia tangu mwanzo.