Wimbo wa Kuingia Uliokataa Kwisha

Bora niseme minye mwenyewe, kabla watu wa mutaa wa Songo hawajawapa hadithi ile yao yenye chumvi: ni minye, kaka wa bibi arusi, niliyesimamisha wakwe zetu mpaka wakachoka, na siku ile sikuwa nimelewa hata kidogo.

Dada yangu Neema alikuwa anaolewa na kijana wa bonde la Ruzizi, na kazi aliyonipa ni moja tu, kupiga wimbo wa kuingia. Alichagua wa kwaya, mufupi, mutulivu. Alikuwa na woga, maana mama mukwe alishasema eti mabinti wa Uvira hawana adabu, basi alitaka siku ile wamuone vizuri. Nikamwambia ndiyo, ndiyo. Lakini (hapa ndipo ujinga wangu ulipoanzia) kuna muzungu mumoja wa Pays de Galles, kule jirani na Uingereza, niliyefanya naye kazi ya maji kule Makobola, aliniachia albamu ya kikundi cha roki cha kwao, magitaa yanazunguka polepole, vinanda chini kwa chini, muziki wa kufunga macho, nami niliipenda mpaka nikajiona Uvira nzima ni minye peke yangu najua muziki. Nikasema kwaya kila mutu anayo, acha leo niwaonyeshe.

Mwanzo ulipendeza, sidanganyi. Maharusi wakaingia, hatua mbili mbele, moja nyuma, watu wote ndani ya sale wamesimama, maana kwetu hakuna anayekaa mpaka maharusi wakae, na maharusi hawakai mpaka wimbo uishe. Wakafika kwenye viti vyao, wimbo unaendelea. Ngoma ikageuka, bwana arusi akaenda kushoto, Neema kulia, kisha muziki ukanyamaza, watu wakapiga makofi, wakainama wakae, gitaa likarudi na nguvu, haya, simameni tena! Nikaangalia ordinateri, ile kompyuta iliyokuwa inapiga muziki. Mungu wangu, nilikuwa nimenakili albamu nzima kama wimbo mumoja, na zilibaki dakika makumi tatu.

Nikanyoosha mukono nizime, mama yetu mukubwa akaushika.

"Weye! Wimbo ya kuingia haikatwi. Unataka kukatia mutoto ndoa yake?"

Nikaacha. Baba mukwe, muzee wa kutembelea fimbo, akavumilia, akavumilia, mwisho akakaa. Peke yake. Mama mukwe akamwangalia Neema (siyo minye, Neema!) akatikisa kichwa, na dada yangu akaanza kulia huku bado anacheza, mbili mbele, moja nyuma. Hapo nikachomoa waya, na watu wakakaa bila kupiga makofi.

Juma lililofuata nikapeleka kreti ya vinywaji kwa wakwe kuomba radhi. Muzee alicheka sana.

"Mwanangu, hata Misa ya mukesha wa Pasaka inafikaka mwisho!"

Mama mukwe hakucheka. Alimuita Neema alete glasi, akamuita "ule wa muziki," na Neema akaitika.

Aliponisindikiza barabarani nilingoja anigombeze, ningeshukuru. Akaniambia polepole tu, "Kaka, weye sasa unarudi kwako. Minye ndiyo nabakia hapa."

Muziki wa arusi ya mutu sitashika tena. Mukiniita, nitakuja kupanga viti.