Dawa Isiyouma

Mimi ni mtu wa kushuku. Maziwa nikiuziwa, nachovya kwanza njiti ya kiberiti. Ikikataa kuwaka, utanieleza maji uliyachota kisima gani.

Kwa hivyo mama aliponiambia amechuma majani chai asubuhi nzima na jiwe ndani ya kiatu chake cha gambuti, na hakulisikia, sikumwamini hata kidogo. Jiwe lilikuwa kubwa kuliko punje ya mahindi.

"Mama, hukusikia kweli?"

"Sikusikia."

Ananificha, nikajiambia. Anaogopa nitamkataza kwenda shambani.

Jiwe lilikuwa limemtoboa chini ya kidole gumba cha mguu. Mama ana sukari, miaka mingi sasa, na jirani yetu mwenye sukari pia alikatwa mguu kwa kidonda kilichoanza kidogo hivyo hivyo. Niliogopa, sitadanganya. Nikaenda sokoni Ndanai nikanunua dawa ya kuoshea vidonda, ile ya kahawia inayogeuka nyeupe ukiitia maji.

Siku ya kwanza niliichanganya na maji kama chupa ilivyoandikwa.

"Inauma?"

"Wala."

Sasa, huyu ndiye aliyetulea. Tukijikata utotoni alitumwagia spiriti, tukilia anasema dawa isiyouma ni maji tu. Siku ya pili nikapunguza maji. Wala. Siku ya tatu nikamwaga dawa tupu, na mama akaendelea kuchambua maharagwe bila kuinua macho. Kidonda kilikuwa kimepanuka, kingo zake nyeupe, na kilianza kunuka.

"Hii ni maji," akasema. "Umeuziwa maji, wewe mjanja wa njiti!"

Nilipandwa na hasira! Nikakumbuka kifuniko kilifunguka upesi mno. Nikakumbuka mwenye duka la dawa alivyonifungia chupa kwa gazeti haraka haraka, kama mtu anayetaka niondoke. Nikaichukua chupa, nikarudi Ndanai na mdomo wangu wote.

"Umeniuzia feki!" nilimwambia mbele ya wateja.

Mwenye duka ni mtu mpole, na hata huo upole niliushuku. Hakubishana. "Lete mkono, mama," akasema.

Mimi pia nachuma chai, na vidole vya mchuma chai haviishi nyufa. Akadondosha tone moja kwenye ufa wa kidole changu. Uuui! Niliruka nikamkanyaga mtu aliyekuwa nyuma yangu.

"Nani alisema haiumi?"

"Mama yangu."

"Ako na sukari?"

Nilitingisha kichwa kukubali, na hasira yote ikaniisha.

"Dawa ni sawa. Ni mguu hausikii tena," akasema. "Na hii haimwagwi tupu kwa kidonda, inachoma nyama. Osha na maji safi, yachemshwe halafu yapoe kabisa, ufunike na kitambaa safi. Na umpeleke hospitali ya Longisa leo. Si kesho."

Nilirudi mbio, kidole kikiwaka. Jiwe! Aliniambia mara mbili, sikusikia, sikusikia, nami nikamwona mwongo. Siku tatu nimemchoma kwa mikono yangu mwenyewe, namuuliza kama inauma. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo alivyotuimbia kila siku tukiwa wadogo, na sasa asiyesikia nilikuwa mimi, na guu lilikuwa la mkuu mwenyewe.

Nilimkuta jikoni, ameketi kando ya meko, mguu ndani ya beseni.

"Umerudishiwa ya kweli?" akauliza. "Nimechoka kukungoja, nimeamua kuosha na maji ya chumvi. Nimechemsha vizuri."

Sufuria ilikuwa bado mkononi mwake, ikifuka mvuke. Nikapiga magoti, nikachovya kidole ndani ya beseni, nikakitoa mbio nikipiga kelele.

Mama, maji yakiwa yamemfika kwenye kifundo, alinitazama akaangua kicheko.

"Wee mtoto! Sasa hata maji unashuku?"