Koleo la Innes Geddie

Wanaume wa klabu ya gofu ya Carnbeggie waliiita ile fimbo koleo, lile la kuchotea mchanga, na kusema kweli ilifanana nalo. Innes Geddie aliichonga mwenyewe kwenye banda la mama yake, Jumapili, siku ambazo hachomelei maboti ya watu. Alichukua fimbo ya gofu ya kawaida, ya chuma, akakichimba mgongo kile kichwa cha kupigia mpaka kikawa kama sahani ya supu, halafu akachomelea uzito kwenye ncha zake mbili. Hesabu yake ilikuwa hii: mpira ukigonga pembeni, fimbo ya kawaida inajipinda mkononi na mpira unaishia kwenye vichaka vya miiba. Yenye uzito huku na huku inagoma kujipinda.

Mambo ya kupiga pembeni aliyajua vizuri. Mashine ya kusaga chuma ilimla nusu ya kidole akiwa na miaka kumi na tisa, na tangu hapo kupata katikati ilikuwa bahati.

Baba yake alikata nyasi za uwanja ule miaka ishirini na nane. Chai yake alinywea stoo, na mlango wa mbele wa klabu hakuwahi kuupita. Ndiyo maana Innes alitaka kamati iipitishe koleo na duka la klabu liiuze, jina la Geddie likiwa limegongwa kwenye chuma. Lipite mlango wa mbele, basi.

Koleo ya pili alimpa rafiki yake Rab Cargill, mpeleka barua, tangu Aprili.

"Ya mazoezi tu," alimwambia. "Kamati haijaipitisha. Ukiingia nayo mashindanoni wanakufuta."

"Kwani mimi mtoto?" Rab akajibu.

Septemba Rab akabeba Kombe la Vuli, yeye aliyekuwa akishika mkia kila mwaka. Jina lake likaandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao wa baa. Innes alijua alilipataje. Akacheka, akakausha.

Jumamosi ambayo kamati iliijaribu koleo, upepo wa baharini ulikuwa unakata masikio. Katibu, mzee Strachan, alimleta Lyle, bingwa wa klabu. Lyle akapiga mipira kumi kwa fimbo yake na kumi kwa koleo. Yote ishirini ikalala pamoja, ungeweza kuifunika kwa blanketi moja.

"Sioni tofauti," Lyle akasema.

"Utaionaje na wewe hukosei?" Innes akawaka. "Hii ni dawa, bwana, na nyie mmempa mtu mzima wa afya! Leteni mgonjwa! Au nipige mimi."

"Mwenye fimbo hapigi," Strachan akasema. "Utatuigizia."

"Sawa. Nani hapa anapiga pembeni? Ajitokeze."

Walikuwa wanaume kumi na tatu. Kila Jumamosi Innes aliwaona wameinama kwenye miiba wakitafuta mipira kama kuku. Leo mmoja anafunga kamba za viatu, mwingine anaangalia mawingu.

"Mimi siku hizi napiga katikati," mmoja akasema.

"Katikati ya nini? Ya bahari?"

Wakacheka, lakini hakuna aliyesogea. Innes akamgeukia Rab.

"Rab. Kaka. Waambie."

Rab akaivuta kofia yake chini. "Niwaambie nini? Mimi nilifanya mazoezi tu, Innes. Nimejifunza."

Hapo damu ikampanda. Angeweza kunyamaza, hata siku mbili baadaye alikuwa bado anajiambia hivyo. Lakini aliufuata mkoba wa Rab, akaichomoa koleo ya pili, akaigeuza uso mbele ya wote. Katikati chuma kilikuwa kipya kabisa. Karibu na ncha kulikuwa na doa limelika, linang'aa, kubwa kama sarafu.

"Haya! Katikati yako ndiyo hii? Mtu anapiga hapa miezi sita, na bado amebeba kombe! Nani tena anasema haisaidii?"

Strachan akavaa miwani, akainama, akaligusa lile doa kwa kidole.

"Inasaidia," akasema polepole. "Nimeamini." Kisha akamwangalia Rab. "Kwa hiyo kombe ulilichukua na hii?"

Rab akapauka midomo kama samaki.

"Mzee, hayo tuyaache," Innes akawahi. "Tuongelee fimbo."

"Ndiyo ninayoiongelea, kijana. Mtu anakosea mwaka mzima halafu anamshinda anayepatia. Sasa sisi hapa tutakuwa tunacheza nini?"

Jumatatu fundi rangi alikuja na brashi, akalifuta jina la Rab ubaoni.

Jumatano mlango wa banda ukagongwa. Alikuwa Rab na mkoba wake wa barua.

"Ya kwako," akasema. "Ya klabu."

"Rab, sikukusudia…"

"Nimeifikisha. Soma."

Koleo imepigwa marufuku uwanjani na dukani. Sababu iliandikwa kwa mstari mmoja: inapunguza makosa kupita kiasi.

"Wamekubali kwamba inafanya kazi," Innes akasema, na sauti yake mwenyewe ikamchukiza.

"Hongera," Rab akasema. "Ulikuwa sahihi." Akapanda baiskeli, akaendelea na nyumba zilizobaki.